Nyuki wa Kwenye Kioo cha Lori

Wanangu, haipiti wiki bila kijana mmoja kunipigia simu kuniuliza mizinga ya nyuki inauzwa wapi. Nikimuuliza nyuki anao, anajibu kwamba nyuki atawatafuta baadaye, kwanza apate mizinga ya kisasa, mavazi ya kisasa na bomba la moshi. Mwingine anangoja mkopo. Basi leo nawajibu wote kwa pamoja ili nipumzike na simu. Kundi zuri kuliko yote niliyowahi kuyashika nililiingiza kwenye boksi la spika. Na spika yenyewe ilikuwa imeshakufa.

Mimi nimeitwa Bibi Nyuki tangu sijaolewa. Ndivyo wanavijiji wanavyomwita mtumishi wa ufugaji nyuki akiwa mwanamke. Mwanamume ni Bwana Nyuki. Nimezunguka na jina hilo milima yote ya Ileje, kwa miguu, kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki iliyokuwa ikizima kila ikiona mlima. Nilipostaafu nilihamia Tunduma mpakani, kwenye nyumba yangu karibu na foleni ya malori yanayongoja kuvuka, nikidhani kazi imekwisha. Serikali ilinistaafisha, lakini haikuwaarifu nyuki.

Kabla sijafika kwenye spika, niwaambie habari za Mama Tusekile wa kijiji cha Ikinga, maana bila yeye ningelipita lile kundi nikaenda zangu nyumbani.

Nilimfikia mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Nilikuwa nimebeba kichwani mzinga wa mbao niliouchonga na kuupaka rangi ya mafuta mwenyewe, bluu, nje na ndani, unang'aa kama meza ya ofisini. Nilijivunia mzinga ule kuliko viatu vyangu. Mama Tusekile aliufunua, akaingiza kichwa, akanusa, akatoa kichwa.

"Bibi Nyuki, wewe ungelala humu?"

Nikamwambia mzinga si wa kulala mimi.

"Basi na wao hawatalala."

Nikautundika hata hivyo, kwa hasira. Waliouhamia ni kuku wake, wakatagia humo miaka na miaka, na kila nilipopita aliniita niione "ofisi yangu". Yeye mwenyewe alifuga nyuki kwenye vyungu. Chungu cha maji kikipata ufa hakukitupa. Alikilaza kwa ubavu kwenye rafu ya udongo nyuma ya jiko, akakisugua ndani kwa nta ya zamani na majani ya mchaichai, akaziba mdomo kwa kipande cha ubao na kuukandika kwa udongo na samadi, akaacha tundu la kupita kidole. Halafu akaendelea na mambo yake. Nyuki wakaja. Nyuki anataka giza, ukavu, mlango mdogo anaoweza kuulinda, na harufu inayomwambia kwamba wenzake waliwahi kuishi hapo wakapapenda. Habari ya rangi haimo.

Msifikiri alikuwa anajua kila kitu. Alishikilia kwamba nyuki akipanda gari anasahau kwao, kwa hiyo nyuki wa kubebwa hana maana. Nilimwambia kusahau kwao ndiko ninakokutaka, ili akae ninapompeleka. Hakunielewa au alijifanya hanielewi. Tena kundi likipita angani alikuwa anakimbia na jembe na jiwe, anagonga, ng'a ng'a ng'a, ili washuke. Mimi nilifundishwa chuoni kwamba nyuki hafuati ngoma, na somo hilo nimelirudia kwenye mikutano ya vijiji mpaka sauti ikakauka. Tulibishana juu ya jembe lile miaka yote ya kazi yangu, tukicheka, tukila mihogo yake, na hakuna aliyeshinda.

Sasa sikilizeni jambo lililotufikisha kwenye lori. Kiangazi kilichopita watu walichoma mashamba, moto ukawashinda, ukapanda mlima juu ya nyumba ya Mama Tusekile. Nyumba ilipona. Moshi uliwafukuza nyuki wote, na vichaka walikotafuta chakula vikageuka majivu. Mvua zikanyesha, miti ikachanua tena, vyungu vikabaki kimya. Mwanawe Ambakisye, fundi magari kule Mbeya, alikuwa siku nyingi anataka mama yake akaishi naye, na siku nyingi mama alimjibu jibu moja: "Nitahama siku nyuki watakaponihama." Aliposema hivyo alikuwa na vyungu vinavyovuma mpaka usiku. Moto ule ukamgeuzia maneno yake mwenyewe. Ambakisye si mtoto mbaya, aliona mama anabaki peke yake mlimani na moto unafika mpaka kwenye choo. Akamwambia, mama, ulisema. Na yule mama hajawahi kurudi nyuma kwenye neno lake hata siku moja.

Akanipigia simu. "Jumamosi Ambakisye anakuja na gari. Njoo unisaidie kufunga mizigo." Hakulia, ila alisahau kunitania, na hilo liliniumiza zaidi.

Ijumaa natoka sokoni kununua kanga ya kumpelekea, naona watu wamejaa katikati ya foleni ya malori kama kuna ajali. Mawakala wa forodha, wabadilisha fedha na vibunda vyao mkononi, vijana wa bodaboda, wote wamesimama mbali na lori moja lililobeba mbolea. Dereva wake, Mzambia mmoja mpole anayeitwa Mulenga, amechuchumaa barabarani na ufunguo mkononi. Nikatazama alikotazama. Chini ya kioo cha pembeni, mlango wa dereva, kundi la nyuki lilikuwa limening'inia, refu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, jekundujekundu, linapumua.

Nawaambieni ukweli, nilisahau umri wangu. Nilichokiona pale ni Mama Tusekile anabaki nyumbani kwake, ananing'inia kwenye kioo cha lori.

Kijana wa bodaboda alikuwa ameshakinga petroli kwenye chupa ya maji. "Bi mkubwa, kaa pembeni. Tunawamaliza sasa hivi."

"Ukiwasha hapo utawamaliza nyuki, utamaliza lori, na nyusi zako hutaziona tena."

Watu wakacheka, na kijana akicheka nguvu za petroli zinapungua. Mulenga akasimama, akaniita mama kwa lugha ya kwao. "Bamayo, mimi nakaa foleni siku mingi. Mbele wakisogea, mimi lazima niende. Utaweza?"

Nikamwambia nitaweza. Sikuwa na mzinga, sikuwa na vazi, sikuwa na bomba. Mizinga yangu yote niliigawa siku ya kustaafu, kwa hotuba.

Hapo ndipo nataka mnisikilize ninyi mnaongoja mkopo. Kundi lililohama kwao na kutua njiani halina nyumba ya kulinda wala watoto wa kulinda, na tumbo limejaa asali ya safari. Ndio wakati nyuki wetu hawa wakali wanakuwa wapole kidogo. Kidogo, nimesema. Mtu ambaye nyuki mmoja humvimbisha mwili mzima akae mbali kabisa, asijaribu ushujaa. Na mwenye manukato akaoge kwanza, maana nyuki hapendi kabisa harufu hizo kali mnazojipulizia siku hizi.

Uso niliufunika kwa kofia pana ya Mulenga na pazia la jikoni kwangu, nikalifunga shingoni kwa kamba ya viatu. Mwilini nikavaa koti lake la mvua. Kwa kinyozi nikaazima ile chupa ya kupulizia maji vichwani, nikatia maji na sukari kiganja kimoja. Moshi sikutaka kuuwasha katikati ya malori. Unyoya wa kuku wa kupangusia niliuokota nyuma ya mgahawa, na mama wa mgahawa akanipa mchaichai aliokuwa auchemshie chai. Nta ninatembea nayo kwenye pochi, kipande kama sabuni iliyokwisha. Wanawake wengine wanabeba vipodozi.

Kilichobaki ni nyumba. Ndoo ya plastiki ina joto, wakijaa humo wanatoka jasho na kufa. Katoni inalowa. Nikamkumbuka Yona, fundi redio, kibanda chake kiko hatua chache tu kutoka pale, na mlangoni kwake kulikuwa na maboksi ya spika za ukumbini yaliyong'olewa matumbo.

"Yona, nipe boksi moja."

"Mama, la kupigia muziki gani?"

"Utausikia."

Boksi lilikuwa la mbao nzito, lina giza, lina tundu la duara mbele. Ndani lilikuwa na sponji iliyogandishwa kwa gundi. Tukaing'oa sponji yote, nikasugua nta kwenye dari la ndani, nikasugua mchaichai kila kona. Tundu tukalipunguza kwa ubao, tukaacha upenyo wa kidole, na nyuma tukagongelea kipande cha chandarua wapate hewa. Nikaingiza kichwa nikanusa, kama nilivyofundishwa. Nilisikia gundi kwa mbali. Nikasema itapita, maana nyuma yangu honi zilikuwa zimeanza. Kumbukeni hiyo gundi.

Niliwapulizia maji taratibu mpaka wakashikana vizuri. Yona akavua ule ubao wa mbele, akalishika boksi chini yao, tundu juu. Halafu nikakipiga kile chuma cha kioo kwa ngumi, mara moja tu, kwa nguvu. Hapo hakuna kubembeleza. Ukitikisa kwa woga wanaanguka nusu, nusu nyingine wanakukasirikia. Kundi likadondoka lote ndani, zito, Yona akapiga goti. Tukalifunika, tukaliweka juu ya pipa tupu, tukarudi nyuma.

Kuna nyuki wengi walibaki wanazunguka hewani, na watu wakadhani nimeshindwa. Mimi nilikuwa natazama mlango tu. Wakatoka wachache, wakageuza vichwa ndani, wakainua mikia juu wakaanza kupepea mbawa. Vijana, mkiona hivyo, shukuruni Mungu. Malkia yumo, na hao ni waitaji, wanapeleka harufu hewani kuwaambia wengine njooni, mama yuko hapa. Nilipiga kigelegele ndani ya pazia la jikoni.

Wakati huohuo foleni ikasogea. Malori ya nyuma yakapiga honi kwa pamoja, na Mulenga akanitazama kama mtoto anayeomba ruhusa. Nikamwambia nenda. Akapanda upande wa pili, akawasha, lori likaondoka na kioo walichokizoea, na wale nyuki wa hewani wakabaki wanatafuta kitu kilichokuwepo sasa hivi. Wakazunguka mara ya mwisho, wakaifuata harufu, wakaanza kushuka kwenye boksi kwa makundi. Mulenga alitoa mkono dirishani akishukuru. "Natotela, Bamayo!" Nadhani alivuka mpaka na nyuki mmoja wawili ambao hawakugongewa muhuri.

Jioni walipoingia wote nilifunga mlango kwa chandarua. Asubuhi nikapakia boksi kwenye Kenta, lori dogo linalopeleka saruji Itumba, nikakaa mbele na nyuki miguuni. Njiani trafiki akatusimamisha, akachungulia.

"Mama, umebeba nini?"

"Spika."

Akainama kusikiliza. "Mbona inaunguruma na haina waya?"

"Ndiyo maana naipeleka Ikinga."

Akafikiri kidogo, akaturuhusu. Kutoka Itumba nilikodi pikipiki, boksi limefungwa nyuma, mimi katikati, ninausikia mgongo wangu ukivuma. Nilikuwa na furaha isiyolingana na mvi zangu.

Nilipofika, gari la Ambakisye lilikuwa limeshajaa. Magodoro juu, vikapu nyuma, masufuria yamefungwa kwenye shuka. Mama Tusekile alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, amevaa nguo ya kanisani. Nikaliweka boksi juu ya mawe pembeni ya nyumba, nikafungua mlango, nyuki wakatoka, wakaanza kuruka duara fupi fupi wakiisoma nyumba. Nikasubiri anisifu.

"Hawa umewabeba kwenye gari," akasema.

"Na pikipiki."

"Basi ni wageni wako. Mimi nilisema nyuki wangu."

Nilitamani kumpiga kwa ile kanga. Ambakisye naye, kwa upole, akasema, "Bibi Nyuki, tunakushukuru, lakini mama amesema ukweli. Nikimwacha kwa sababu ya boksi hili, na kesho wakiondoka?" Aliuliza swali zuri.

Wala hawakungoja kesho. Jua lilipanda juu ya mlima likapiga ubavu wa lile boksi, kwa kuwa kwa haraka yangu sikuliweka kivulini. Mbao zikapata joto, na gundi ikafufuka. Niliinusa nikiwa nimesimama mbali. Muungurumo ukabadilika, ukapanda, na nyuki wakaanza kumwagika mlangoni, wote, wanapanda hewani, anga lote juu ya uwanja likawa linachemka.

Nilijua kitakachofuata, nimekiona mara nyingi: wanazunguka, wanapanda, wanavuka mlima, na wewe unabaki na boksi. Ambakisye alikimbilia ndani ya gari akapandisha vioo.

Mama Tusekile aliinuka kwenye kigoda na nguo yake ya kanisani, akachukua jembe ukutani, akaokota jiwe. Ng'a, ng'a, ng'a. Akanipigia kelele, "Bibi Nyuki, umesimama kufundisha?"

Na mimi, niliyetumwa na serikali miaka yote ile kuwaambia watu kwamba nyuki hafuati ngoma, nilifungua mlango wa nyuma wa gari, nikachomoa sufuria kubwa kwenye shuka, nikachomoa na mwiko, nikaanza kupiga. Tulizunguka uwanja ule vikongwe wawili tukipiga kelele za kuamsha kijiji, mmoja jembe, mwingine sufuria, nyuki juu ya vichwa vyetu, Ambakisye anatutazama nyuma ya kioo mdomo wazi. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi yake hayakuwa ya kicheko.

Wakashuka. Hawakushukia boksi, wala mti. Walivuka paa la jiko, wakatua ukutani upande wa nyuma, weusi tele, wakaanza kutembea. Tukakimbia kuzunguka. Kwenye rafu ya udongo, chungu cha mwisho kilikuwa kimesuguliwa mchaichai mbichi, udongo wa mdomoni bado una alama za vidole. Mwanamke aliyefunga mizigo yote ya kuhama alikuwa ameandaa chungu. Nilimtazama, akatazama pembeni.

Nyuki waliingia kwenye lile tundu la kidole wakibanana kama maji kwenye mdomo wa chupa. Tulisimama mpaka waitaji wakatokea mlangoni, wakageuza vichwa ndani, wakainua mikia. Malkia alikuwa amekwisha kuingia.

"Hawa sikuwabeba mimi," Mama Tusekile akasema polepole. "Na wewe hukuwabeba. Wametembea wenyewe mpaka kwangu." Kisha akanigeukia, na utani wake wote ulikuwa umerudi usoni. "Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimewapa siku ya kwanza."

Je, ni jembe lililowashusha? Ni harufu ya nta na mchaichai, wanangu, hilo nitalisema mpaka nizikwe. Boksi lilinuka gundi na chungu kilinuka nyumbani. Liacheni boksi lipigwe na upepo siku kadhaa kabla ya kulitumia, liwekeni kivulini, na mkiweza wapeni kipande cha sega la zamani lenye watoto, nyuki haachi watoto kirahisi. Ila siku hizi nikiitiwa kundi huwa naondoka na kila kilicho chepesi kubeba, na sufuria ni nyepesi.

Ambakisye alishusha kioo, akatoka, akakaribia chungu kwa tahadhari, akasikiliza kwa muda mrefu. Akarudi kwenye gari, akaanza kufungua kamba za magodoro. Lile boksi aliniomba alipeleke Mbeya akalitie spika.

Mimi nilikuwa bado nimesimama uwanjani na sufuria mkononi, ina mibonyeo miwili mipya. Mama Tusekile alinipita akielekea mlangoni, ameshikilia kigoda chake.

"Hiyo irudishe jikoni," akasema. "Nataka kupika."